Harufu Iliyobaki Baada ya Mapeasi Kuuzwa

Mwenzangu uliyetoka kuambiwa leo kwamba una kisukari, kaa kwanza. Kunywa maji. Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikalia, nikamnunia nesi wa watu kana kwamba yeye ndiye aliyenipa, na leo hii nimekaa kibarazani nachambua maharage. Mambo ya kitaalamu sijui, hayo muulize daktari wako. Mimi nakueleza yaliyonikuta, mke wa muuza matunda huku juu ya Lushoto, nilivyonusurika kufa, na baada ya kunusurika nikakaribia kuipoteza nyumba yangu.

Mume wangu anaitwa Yona. Ananunua mapeasi mashambani yangali magumu, anayavundika mpaka yaive, halafu anayauza kwa wachuuzi wanaokuja na fuso kutoka Muheza. Kuvundika kunataka joto, na huku kwetu joto utalitoa wapi? Mahali penye joto ndani ya nyumba ni chumba tunacholala, maana kimepakana na jiko. Basi kila msimu mapeasi yanalala chini ya kitanda chetu, kwenye maboksi yenye nyasi kavu, yamefunikwa magunia. Shuka zinanukia mapeasi, nguo zinanukia mapeasi, hata Biblia yangu ukiifungua inanukia mapeasi. Wenzangu wa kwaya walikuwa wakinitania, nikipita wanasema, "Mama Zawadi huyo, leteni kisu tumege." Nilikuwa nacheka. Ile harufu ndiyo ilikuwa nyumba yangu.

Msimu ule ulianza na kiu. Jamani, kiu! Nilikuwa nakunywa maji nikiwa nimesimama kando ya ndoo, sina hata subira ya kutafuta kikombe. Kila nikinywa naenda chooni, nikirudi nakunywa tena. Sketi zikaanza kunivuka, nikawa nazibana kwa pini. Pete ya ndoa ikawa inachezacheza kidoleni, nikaizungushia uzi. Macho nayo yakaingia ukungu, nikaanza kushindwa kusoma nyimbo kwaya ikiimba, nikawa nafungua mdomo tu kufuata wenzangu. Wakiniuliza kama naumwa, najibu kwa Kishambaa, "Tiwedi," yaani tuko wazima. Kwetu hilo ndilo jibu, uwe mzima au uwe unakata roho.

Yona aliona ninavyokwisha. Alidhani ni kazi, akanikataza kubeba maboksi. Alinunua nyama, akaikaanga yeye mwenyewe vibaya sana, nikala kwa kumwonea huruma. Nikawa nakula na bado nakonda.

Halafu fuso lilikuja, mapeasi yakapakiwa yote, maboksi yakatolewa, nikafagia nyasi. Kwa kawaida ukishafagia na kufungua dirisha, kesho yake harufu imekwisha. Safari hii haikwisha. Yona akaingia chumbani, akasimama, akanusa hewa.

"Kuna moja limebaki," alisema. "Limejificha mahali linaoza."

Mimi nilikuwa nimelala, sina nguvu hata ya kugeuka. Mume wangu akapiga magoti akamulika tochi chini ya kitanda. Akasogeza sanduku la nguo. Akatoa viatu vyote, akavikung'uta kimoja kimoja. Akaniomba nisogee kidogo, akainua godoro upande wake, akainua na upande wangu nikiwa juu yake. Zawadi, binti yetu, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza, alikuwa mlangoni anacheka kwamba baba anacheza kibemasa na peasi lililojificha. Na mimi nilicheka. Yule mwanamume alilitafuta lile peasi asubuhi nzima, na lilikuwa mdomoni mwangu.

Mchana nikaanza kutapika. Pumzi zikawa ndefu na za haraka, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na mimi nimelala kitandani sijapanda popote. Yona hakuuliza tena. Alinibeba mgongoni mpaka barabarani, tukapata gari.

Hospitalini tuliketi kwenye benchi refu, watu wamejifunika makoti na mablanketi, kila mtu anakohoa. Nesi akapita mbele yetu ana haraka zake. Alipofika kwangu akasimama, akarudi nyuma, akainamisha uso wake karibu na wangu.

"Mama, una kisukari?"

"Mimi? Sina. Kwetu hatuna huo ugonjwa."

Akanipeleka chooni nikakojoa kwenye kikopo. Akachovya kijikaratasi, kikageuka zambarau. Hapo hapo foleni ikasahaulika, nikalazwa, nikawekewa dripu mikono yote miwili.

Daktari alitueleza kwa maneno ambayo hata mimi niliyashika. Sukari ilikuwa imejaa kwenye damu, lakini mwili hauwezi kuitumia kwa sababu insulini, ile inayoifungulia mlango, imeisha. Mwili ukaona njaa, ukaanza kujilia mafuta yake wenyewe. Mafuta yakivunjwavunjwa kwa pupa namna hiyo yanaacha ketoni, aina ya tindikali, na zikizidi zinageuka sumu, nyingine zinatokea kwenye pumzi. Nesi akamwita Yona, akamwambia, "Baba, njoo unuse, uijue."

Yona akainama juu ya uso wangu. Akanusa mara moja, akanusa tena. "Siyo peasi," alisema polepole. "Peasi likiiva lina utamu. Hii ina ukali ndani yake, kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha." Halafu akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Nilimjua mume wangu, alikuwa analia.

Wazazi wangu walikuja kutoka Vuga nilipokuwa nimeanza kukaa kitandani. Baba yangu ni mtu wa maneno machache. Mama yangu ni mimi, ila mimi na chumvi zaidi. Yona akawaamkia, "Shikamoo baba, shikamoo mama." Baba akaitikia. Mama hakuitikia. Ukiona kwetu mtu mzima hakuitikia shikamoo, jua kuna jambo.

"Baba Zawadi," mama alisema, "wewe unanusa tunda ukajua litaiva kesho au kesho kutwa. Ulilala na mwanangu kitanda kimoja. Hukusikia?"

"Nilisikia, mama. Nilidhani ni mapeasi."

Nilitaka kumtetea, lakini koo lilikuwa limekauka na midomo imepasuka. Baba akavua kofia, akaivaa tena. Akasema, "Akiruhusiwa tutakwenda naye Vuga. Atarudi nitakaposema arudi."

Usidhani niliachika. Kwetu binti akiugua vibaya, wazazi wanaweza kumchukua wakamuuguze wenyewe, na mume hana la kusema. Ila kila mtu anajua safari hiyo mara nyingine haina kurudi. Miezi inapita, watu wanazoea, mwisho mume anatafutiwa mtu wa kumpikia. Zawadi alikuwa na shule, akabaki na baba yake. Nilipoagana naye nilimbana mpaka akasema namwumiza.

Masika yalinikuta Vuga. Mvua ya kule nayo ukiijua unaijua, ukungu unaingia ndani kama una mwaliko. Sindano ya insulini asubuhi, sindano jioni. Mara ya kwanza kujichoma mwenyewe nilikaa na sindano mkononi mpaka chai ikapoa, ninaogopa kitu kidogo hivyo na nimezaa. Baba hakusema neno, akaenda akarudi na mtungi wa udongo aliouomba kwa jirani, akaujaza mchanga, akaumwagia maji, akaniwekea dawa ndani yake ikae kwenye ubaridi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shamba alikuwa anaugusa kwa kiganja, kama anavyogusa paji la uso la mtoto mwenye homa. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake.

Mama naye alinilea kama mzazi wa siku ya kwanza. Alinipimia ugali, alinifichia sukari, alimfukuza shangazi aliyeleta soda. Nilipendwa, sikatai. Lakini nilikuwa mke wa mtu na mama wa mtu, na pale nilirudi kuwa binti. Hata maji ya kuoga nilipelekewa.

Yona alikuwa anakuja Jumapili baada ya ibada, na Zawadi. Alikuwa amejenga banda nje la kuvundikia, na jiko lake la pumba kulipa joto. Chumba chetu sasa hakina hata boksi. Alinieleza hayo kwa sauti ya chini, akimwangalia mama kwa pembeni. Jumapili moja Zawadi alikuwa ananisuka, akaniambia, "Mama, siku ukija kwetu nitakuonyesha kuku wetu mpya."

Kwetu. Siku ukija kwetu. Mtoto wa watu hakuwa na ubaya wowote, aliendelea kunisuka. Mimi machozi yakanitoka, nikasingizia moshi. Tangu siku ile nilijua ninachokitaka, sikutaka kupona tu, nilitaka kurudi kwangu kabla mwanangu hajanizoea kama mgeni. Nikamwambia baba. Akasema, "Bado." Nikamwambia mama. Akasema, "Ukafie kule?"

Siku za kliniki zilinipunguzia uzito wa moyo. Pale kwenye benchi nilikutana na mama mmoja aliyekuwa mchuma chai Bulwa, amekuja kukaa kwa mwanawe Lushoto. Alikuwa amekatwa vidole viwili vya mguu. Alichomwa na msumari uliotoboa buti, hakuusikia, maana kisukari hutia miguu ganzi, akaendelea kuchuma chai nao siku nzima. "Mguu wangu ulikuwa mpole," aliniambia akicheka. "Hauumi, haulalamiki, mimi nikadhani umeokoka." Akanivua viatu pale pale mbele za watu, akanifundisha kukagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni, kwa macho na kwa mikono. Nilimwonea aibu, na leo namwombea. Wewe nawe vua viatu ukague.

Mwishoni mwa masika, ikiwa Ijumaa, tumbo likanichafuka. Nikatapika uji, nikatapika na maji. Mama akagusa paji langu, akasema ni homa ya baridi. Nikauliza habari ya sindano. "Hujala kitu," alisema. "Nesi si alisema usichome ukakaa bila kula? Unataka sukari ishuke uzimie?" Kweli nesi alisema vile, maana alikuwa anatufundisha siku za uzima. Siku za kuumwa hatukumwuliza, na yeye foleni ilimbana. Nikakubali, tena kwa furaha, mapaja yangu yalikuwa yamechoka kuchomwa. Jumamosi tukaacha tena.

Mama akachuma majani ya mkaratusi, akachemsha chungu kizima, akanifunika blanketi nikajifukiza. Akanikanda kifua na mafuta yake ya mkaratusi pia. Chumba kizima kikawa msitu. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu siku mbili, uso wake juu ya uso wangu, ananifuta jasho, ananiimbia taratibu zile nyimbo za Kishambaa alizoniimbia nikiwa mdogo. Sitaki mtu aniambie mama yangu hakunitazama.

Jumapili Yona akafika. Nilimsikia nje akiamkia, mama akamjibu kwamba nimelala, nina homa, asinisumbue. Akaomba anione kidogo tu. Akaingia, akaketi, akainama, "Pole, mke wangu." Niliona pua yake inacheza.

"Mama Zawadi, hebu pumua."

"Ondoka huko."

"Nakuomba. Pumua."

Nikapumua. Akasimama wima. "Twende hospitali. Sasa hivi."

Mama alikuwa mlangoni. "Mgonjwa wa homa unamtoa kwenye ukungu huu? Unataka kumaliza ulichokianza?"

Yona hajawahi kupandisha sauti mbele ya wakwe zake, na siku ile hakuipandisha. "Mama, nisamehe. Mara ya kwanza nilisikia nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Baba alikuwa ameshaingia nyuma ya mama. "Una hakika?"

"Nina hakika, baba."

"Mama Yesaya," baba alimwambia mama yangu, kwa jina la kaka yangu mkubwa, "mpishe."

Zawadi akabaki na bibi yake. Baba akaenda kumwita kijana wa bodaboda. Nilikaa katikati, Yona nyuma yangu amenizungushia mikono, tope linaruka mpaka usoni, na kila tulipofika kona ananiambia sikioni nipumue, nami namwambia kama ananiona nimeacha. Soni tukapata gari. Hospitalini kijikaratasi kile kile, rangi ile ile ya zambarau. Daktari akasema, "Mmewahi." Mimi neno hilo sijui kama kuna zuri kulishinda.

Nikuambie hili hapa hapa kabla sijasahau. Ukiumwa ukashindwa kula, usiamue mwenyewe kuacha sindano. Mwili unaoumwa unaitaka insulini hata kama tumbo ni tupu. Pima sukari, kunywa maji, nenda hospitali wakuambie uchome kiasi gani. Na mfundishe mtu unayelala naye, au unayeishi naye, akujue pumzi yako ukiwa mzima, ili ikibadilika asipate shida kuitambua. Pua ya mtu wako haina foleni.

Kesho yake mama akafika. Alimkuta Yona ameketi miguuni kwangu ananipaka mafuta nyayoni, anakagua kidole kwa kidole kama nilivyomfundisha. Mama akasimama pale na kapu lake la chakula. Safari hii Yona aliamkia, naye akaitikia. Halafu akaendelea kusimama.

"Baba Zawadi," alisema, "nilikaa naye siku mbili. Pua yangu ilikuwa hapa." Akaonyesha kwa kidole mbele ya mdomo wake. "Na mimi sikusikia."

Yona hakuinua kichwa. Alikuwa anaweza kusema lolote, na angekuwa na haki. Akasema, "Mkaratusi ni mkali, mama. Unafunika kila kitu."

Nikageukia ukutani nikalia, na sikulia kwa ugonjwa. Mume wangu alimpa mama yangu kile ambacho yeye mwenyewe hakupewa na mtu yeyote. Mama akaketi kwenye kitanda cha jirani aliyekuwa ameruhusiwa, akafunua kapu, akammiminia Yona chai kabla yangu mimi mgonjwa.

Lakini baba alikuwa hajasema. Siku ya kuruhusiwa alikuja yeye na mama kunichukua, na Yona, ambaye alikuwa ameshamrudisha Zawadi nyumbani kwa ajili ya shule, alikuwepo tangu asubuhi. Tulitoka getini wote wanne, polepole kwa sababu yangu. Magari ya kushuka Soni, ya kwenda Vuga, yanasimama upande wa hospitali. Ya kupanda kwetu yanasimama ng'ambo ya barabara. Baba akaenda moja kwa moja kwenye gari la Soni, akazungumza na dereva. Moyo wangu ukaanguka. Nilijiambia haya, binti wa watu, mwaka huu utaumalizia kwenye ukungu wa Vuga, na mwanao ataendelea kuhesabu kuku wake bila wewe. Nikamtazama Yona. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Baba akarudi. "Nimemwambia atuwekee nafasi mbili."

"Mbili za nini?" mama akauliza. "Si tuko watatu?"

"Mimi na wewe," baba alisema.

Mama akafungua mdomo. Nikajikaza, maana namjua. Akaufunga. Akavua kitenge alichojifunga mabegani, akanizungushia mimi, akakifunga fundo kifuani kwa nguvu mpaka nikaguna. "Kwenu kuna baridi," alisema, na sauti yake haikuwa sawa.

Kwenu, alisema.

Walipanda, gari likaondoka. Baba hakupunga mkono, mama alipunga mpaka kona ikamficha. Yona akanipokea mkoba, akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo huku kwetu mume na mke hatufanyi, tukavuka barabara.